Kidari cha Papa Wilondja

Papa Wilondja amekufa, na watoto wake wamenitumia mtu ili niende kanisani kusema maneno mazuri juu yake, kwa sababu sisi ni wa ukoo mmoja na humu Sydney tunaoujua ukoo huo tumebaki wachache. Nimekataa. Yule kijana aliyetumwa alikaa hapa nyumbani kwangu, Quakers Hill, akanywa chai yangu mpaka ikaisha, ndipo akaniambia, "Papa Masumbuko, mtu akishakufa tunamwachia Mungu." Nikamwambia ni sawa, Mungu amchukue, lakini mdomo ni wangu. Mimi sikusoma sana. Niliacha shule mapema, na ninaandika hivi ninavyosema. Lakini jina la mtu najua kuliandika. Wilondja, mzee wa ukoo wetu na prezida wa komite ya jumuiya yetu ya Wakongo, ndiye aliyesimama mbele ya jeneza la mke wangu, watu wote wanasikia, akasema Riziki hakuuawa na kansa, aliuawa na nyama niliyomletea kutoka porini. Na aliyempelekea habari za nyama ile ni Mapenzi, mdogo wake Riziki kwa baba mdogo, shemeji yangu mimi. Ni hao wawili. Wengine waliokaa kimya siku ile nimewasamehe, maana uoga ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Hao wawili hapana, na ninataka watoto wangu wajue ni kwa nini, wasije wakasikia ya kanisani peke yake.

Mwaka ule Riziki alipougua tulikuwa tunakaa nyumba hii hii. Nilikuwa bado na nguvu, nabeba maboksi ghalani shifti mbili bila kulalamika mgongo, na Riziki alikuwa anaosha wazee kwenye nyumba ya kutunza wazee kule Parramatta. Ugonjwa ulimshika tumboni. Dawa waliyomwekea kwenye mshipa ilimwondolea nywele, hiyo hakuijali, alifunga kitambaa akasema amepumzika kusukwa. Kilichotushinda ni chakula. Kila kitu mdomoni mwake kilikuwa chuma. Nilisonga bugali, akasema chuma. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, ile ya barafu tunayonunua kwa Waafrika wa Blacktown, nikaipika na mafuta ya mawese mpaka nyumba nzima ikanukia kwetu Fizi, Kongo, akaweka kijiko mdomoni, akakitoa, akageukia ukuta. Nilishuka Cabramatta nikanunua samaki anayerukaruka bado, muuzaji Mvietinamu akamkamata na wavu mbele yangu. Riziki alisikia harufu toka chumbani akaniita. "Baba Neema, mtoe huyo nje. Tafadhali." Hospitalini walitupatia chupa za maziwa matamu, za chokoleti na za vanila, na chupa hizo zilijipanga pale kwenye dirisha la jikoni kama wageni wasiokaribishwa. Mpaka leo nikifungua maji kwenye ile sinki ninaziona.

Siku moja nesi mmoja, Mfilipino mwenye huruma, alimpandisha Riziki kwenye mzani, akaandika, kisha akanivuta pembeni. Alisema mwili ukishuka tena watasimamisha dawa, kwa sababu dawa ile inataka mtu mwenye nyama, mtu asiye na nyama inammaliza yenyewe. Watampima tena Jumatano ya wiki inayofuata. Neema, binti yetu, ndiye alinitafsiria, na akamaliza kutafsiri kwa Kiswahili akaanza kulia kwa Kiingereza. Basi ndiyo hali ilivyokuwa. Ale, dawa iendelee. Asile, imekwisha. Watu wananiuliza leo kwa nini nilihangaika vile kama mwendawazimu, na mimi nawauliza wao walitaka nihangaikeje.

Riziki mwenyewe ndiye aliyesema. Tulikuwa kwenye treni kurudi, ameegemea kioo, nikidhani amelala. Akasema, "Ningepata nyama ya pori. Ya moshi. Ile inayouma meno." Kesho yake nilizunguka mabucha yote ya Parramatta mpaka nikapata moja lenye nyama ya kulungu, imelazwa ndani ya plastiki, nyekundu kama gari jipya. Nikaipika. Riziki aliiangalia tu kwenye sahani. "Hii haikufa," akasema, "hii ilizimwa." Akacheka kidogo, na mimi nikacheka, halafu nikaenda bafuni nikafungua maji ya bomba ili asinisikie.

Wanawake wa jumuiya walikuja Jumamosi ile kumwona. Kuta za nyumba hizi ni karatasi. Nilikuwa jikoni nachemsha maji, na sebuleni nikasikia Mapenzi anawaambia wenzake kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini ya mtu anayetaka asikike. "Papa Wilondja amesema ugonjwa huu una mlango ulioingilia. Dada yangu aliacha kikundi cha wanawake, akajiona mkubwa na kazi yake ya Wazungu. Sasa ona." Mwingine akaguna. Mwingine akasema, "Eee, Mungu hapigi kengele." Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nilitoka pale moja kwa moja, nikaenda kwenye mkutano wa komite waliokuwa wanaufanya ukumbini, nikamkuta Papa Wilondja amekaa mbele na tai yake ya bluu, nikamuuliza kama amesema maneno yale. Akajibu kwamba mzee haulizwi na watoto. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Unaongopa, mzee. Wewe ni mwongo." Kwetu mtu hamwiti mzee wa ukoo mwongo. Anaweza kusema mzee amesahau, mzee amechoka, mzee amedanganywa. Nilijua hilo. Nililisema nikijua, na leo hii nikiamshwa usingizini nitalisema tena.

Mushi ndiye alinipeleka porini. Mushi ni Mtanzania, Mchaga wa Moshi, fundi wa pampu za sola, mwenye leseni ya bunduki na kila karatasi inayotakiwa na nchi hii. Tulijuana kwenye duka la vyakula Blacktown, akinicheka ninavyosema Kiswahili. Alikuwa amemfungia pampu mama mmoja mjane, Bibi Joyce, mwenye shamba kubwa la ng'ombe nyuma ya milima, na kulungu walikuwa wanamlia majani yote ya ng'ombe wake, kwa hiyo alimruhusu Mushi kuja kuwinda anapotaka. Nilipomweleza Mushi habari ya Riziki hakuuliza swali hata moja. Alisema, "Jumapili. Vaa nguo isiyopiga kelele." Tuliondoka kabla ya jua. Nilimwambia njiani kwamba mimi bunduki sishiki. Wale waliokuja kijijini kwetu na bunduki, yule waliyemwita Komanda Radi na vijana wake, waliondoka na vitu vingi vyangu, na kimojawapo ni kwamba mpaka sasa mlio ule ukipigwa miguu yangu haiko na mimi. Mushi akasema, "Bunduki niachie mimi. Wewe leta macho."

Bibi Joyce alitupokea na mabuti ya mpira na gauni la kulalia juu yake koti, akatupa chai, akatuonyesha kwa kidole upande gani ndama walipo ili tusipige huko. Baridi ilikuwa imeyafanya majani meupe. Mushi alinieleza kazi yenyewe: tunakaa juu, tunatafuta kwa darubini mpaka tumwone mnyama kabla yeye hajatuona, halafu tunamwendea polepole dhidi ya upepo, kwa tumbo kama inabidi, mpaka tuwe karibu. Alikuwa na kichupa cha poda ya watoto. Anakiminya, poda inaruka, anaona upepo unaenda wapi. Kwetu hatukuwinda hivyo. Kwetu ni nyavu, mbwa na njuga, watu wanapiga kelele mpaka mnyama anachanganyikiwa. Na kabla ya kuingia msitu unapiga makofi kwanza, kuwajulisha wenyeji wa msitu kwamba umekuja kwa njaa si kwa ugomvi. Tulipofika kwenye waya wa mwisho, mahali shamba linapoishia na miti inapoanza, mikono yangu ilifanya kazi yake yenyewe. Nikachuchumaa, nikapiga makofi matatu.

Kundi zima la kulungu liliruka toka kwenye bonde lililokuwa chini yetu, ambalo hatukuwa hata tumelichungulia. Majike, madume, watoto, mikia juu, wakapita kilima kama maji yaliyomwagwa. Mushi alishusha darubini taratibu. "Kaka," akasema, "umewapigia hodi?" Akaongeza, "Nyinyi Wakongo mna adabu sana. Wangetuambia karibuni, tungefanyaje?" Alikuwa anatania ili nisife pale pale. Lakini mimi niliona Jumatano inakuja na mzani wake, nikakaa chini kwenye baridi ile nikaficha uso. Ninakumbuka nilimwambia, "Nimemuua. Nimemuua kwa mikono yangu hii." Mushi akasema, "Hujamuua mtu. Inuka. Wanyama hawana kalenda, watarudi kula."

Tulizunguka kutwa. Mchana tulikula mkate na mayai ya kuchemsha chini ya jiwe, na Mushi akaniuliza Riziki ni mtu wa namna gani, nikamwambia ni mtu wa kulalamika. Chai haina tangawizi, shati halijapigwa pasi kwenye kola, Neema anaongea na simu sana. Tangu augue halalamiki kitu, anasema asante tu, na hiyo asante ndiyo inayonitisha. Baadaye, jua limeanza kuinama na mimi nimeshaacha kuomba, alinishika mkono akaniambia, "Usisogee. Ng'ambo. Kwenye kivuli, chini ya ule mti ulioanguka." Nilipewa darubini, sikuona kitu, ni majani na kivuli na majani. Kisha kivuli kimoja kikatikisa sikio.

Alikuwa dume changa, pembe zake bado vijiti, na majike mawili yamelala mbele yake. Kati yetu na wao kulikuwa na bonde tupu lisilo na hata kichaka. Mushi aliminya poda, ikarudi usoni kwetu, akasema upepo ni mzuri ila njia ya mbele haipo, tuzunguke. Tulizunguka kilima kizima kwa nyuma tukiwa tumeinama, tukashuka kwenye mfereji uliokauka, na toka hapo tukatambaa. Sijui tulitambaa muda gani. Ninajua suruali ilichanika magoti, na kwamba nililala uso kwenye mavi ya ng'ombe jike moja lilipoinua kichwa na kututazama, na sikupumua, nikisema moyoni, mama, shusha kichwa, nina mgonjwa nyumbani, shusha kichwa. Likashusha. Mushi alitambaa mbele urefu wa mwili wake, akaweka bunduki juu ya mfuko wake, na mimi nikaziba masikio na kuuma majani.

Sikuona mnyama anaanguka. Mlio ulipopigwa nilikuwa siko Australia tena, nilikuwa nyuma ya nyumba inayoungua, na nilipozinduka Mushi alikuwa amepiga magoti kando yangu amenishika kichwa, anasema, "Imekwisha, kaka. Ilikuwa moja tu. Imekwisha. Twende umwone." Mdomo ulikuwa umejaa udongo. Tulimkuta pale pale alipokuwa, hakwenda popote, jicho wazi, madoa yake mgongoni yanaonekana bado. Niliweka mkono ubavuni mwake, kulikuwa na joto. Nilimwambia asante kwa Kibembe, lugha yetu. Mushi alivua kofia, naye akasema kitu chake kwa Kichaga, hatukuulizana. Tukampasua pale, ini nikalifunga kwenye majani, na njiani kurudi niliimba. Mimi, ambaye siimbi. Nilidhani tumeshinda.

Asubuhi nilichukua pipa lililokatwa nusu, nikalisimamisha uani, nikawasha moto mdogo wa mti mbichi. Mushi alikuja kusaidia kukata. Kutwa nzima nilikaa na moshi ule kama ninamlinda mtoto. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama kila kitu kiko salama, nikampa kipande, akala, akauliza kama kuna kingine. Riziki alikuwa kitandani, dirisha wazi, na kwa mara ya kwanza hakusema nifunge dirisha. Jumanne nilimpelekea kwenye sahani, nyeusi kwa nje, imekauka vizuri, ile inayouma meno. Alikaa, akainusa. Niliona koo lake linameza mate. Halafu akaweka sahani kwenye magoti yake akaniuliza, "Kidari umepeleka?"

Inabidi nieleze, kwa ajili ya watoto. Kwetu mnyama wa porini hana mwenyewe mmoja. Shingo ni ya walioubeba mzigo, mguu wa nyuma ni wa wakwe, na kidari, ile nyama ya kifuani, ni cha mzee wa ukoo. Mwanamke hali kidari. Na mke wa mwindaji hatii nyama ile mdomoni mpaka mzee amepokea kidari chake na amekila. Akitangulia, wanasema, nyama itamgeukia tumboni. Nilimwambia, "Mama Neema, hapa ni Sydney." Akasema, "Tumbo ni lile lile." Nikamwambia tunasali, tumebatizwa, mambo yale ni ya zamani. Akaniangalia na macho yale yaliyokuwa yamebaki makubwa kuliko uso. "Tumbo langu limeshaharibika, wewe unataka nilijaribu? Mpelekee mzee haki yake, nile kwa amani. Ninakuomba."

Nilifunga kidari kwenye sanduku la barafu, nikakipeleka. Papa Wilondja alikuwa sebuleni kwake anaangalia mpira kwenye televisheni, miguu juu ya kigoda, na Mapenzi alikuwa jikoni kwake, maana alikuwa anakwenda pale kila siku kumpikia tangu mkewe afariki. Nilipiga magoti kwenye zulia. Sitaki mtu aseme sikupiga magoti. Nikafungua sanduku, nikasema, "Papa, hiki ni chako. Nilikukosea mdomo, unisamehe. Kula kipande tu, mke wangu apate kula. Kesho anapimwa." Hakutoa macho kwenye mpira. Alisema, "Nani alikula kwanza?" Nikasema hakuna, labda jirani Mzungu. Akatikisa kichwa. "Nyama ya mtu aliyenitukana mbele ya watu haipiti kooni mwangu. Uliniita mwongo ukumbini, utaniomba msamaha ukumbini. Mwisho wa mwezi, komite ikikaa." Nikamwambia mwisho wa mwezi mke wangu hatakuwepo. Akasema, "Basi ungefikiria wakati ule." Na Mapenzi, damu yake Riziki, alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akasema, "Shemeji, usimsumbue mzee, presha yake iko juu."

Niliendesha gari kurudi nikijifunza uongo. Nilijifunza kabisa, kwa sauti, kwenye taa nyekundu: amekula, amefurahi, amekusalimia. Nilitaka nikitupe kidari kwenye jalala la kituo cha petroli njiani, nilisimama hata, nikashindwa kukitupa. Niliingia chumbani nimekwisha fungua mdomo. Riziki hakuningoja. "Amekataa," akasema. "Mtu aliyeacha mzigo hatembei hivyo." Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na sanduku miguuni. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapigia mpira ukuta. Sahani ya mchana ilikuwa bado pale kando ya dawa, imefunikwa na sahani nyingine.

Riziki akauliza, "Alikuwa anafanya nini?"

"Anaangalia mpira."

"Ulipiga magoti?"

"Nilipiga."

Niliona taya lake linakaza, uso unarudi ule wa Riziki wa zamani, wa kola ambayo haikupigwa pasi. "Wewe ulipiga magoti, yeye anaangalia mpira," akasema. "Mimi nimetoka Fizi kwa miguu na Neema mgongoni. Nimezika mama yangu njiani kwa jembe la kuazima. Katika nyumba hii nani mzee?" Nilidhani ni homa. "Baba Neema, nakuuliza. Nani mzee?" Nikasema, "Ni wewe." Akasema, "Kipike hicho kidari."

Nilikipika. Kitunguu kilinitoroka kikaingia chini ya friji. Nilikichemsha na nyanya na ndimu, na nilipomletea hakutaka uma, alichukua kwa vidole. Ndipo Mapenzi akaingia, bila kubisha, na mkoba wake begani, nadhani alikuja kuona kama nimesusa. Akasimama mlangoni mwa chumba. "Dada, hiyo ni nini?"

"Ni kidari," Riziki akasema, anatafuna.

"Dada, mwanamke hali kidari. Mzee hajala. Dada, utakufa."

"Mzee amekula. Mzee ni mimi. Kaa, nikukatie."

Mapenzi alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. Alinitazama mimi kama mtu aliyekuta wizi, kisha akatoka, na tulisikia gari lake linawaka. Nilijua anakwenda wapi. Nilijua maneno yatakayosemwa, ingawa sikujua yatasemwa juu ya jeneza. Maana Riziki alikufa kweli, baada ya baridi ile na joto lililofuata, baada ya dawa kuendelea na kushindwa mahali pengine, na watu hao wawili wakaichukua hiyo miezi yote tuliyopata wakaifanya laana. Lakini siku ile gari lilipotea mwisho wa barabara, na chumba kikabaki na sauti moja tu, ya meno yake. Alikula mpaka akafika kwenye mfupa. Akaufuta mchuzi kwa kidole. Akaninyooshea sahani bila kuniangalia.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza.